Mashujaa wa Treni ya Kaliua

Kabla televisheni hazijaenea mtaani kwetu Majengo, mashujaa wa katuni walitufikia kwa treni kutoka Kaliua, wamekunjwa ndani ya mizigo ya abiria. Superman, aliyeanza kuchapishwa Marekani mwaka 1938, alitoka sayari ya Krypton na kupaa angani. Kaka yangu alimhusudu huyo. Mimi, bwana, nilimsubiri Ndumilakuwili, mhusika wa gazeti la katuni la Sani, lililochukua jina kutoka kwa waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Mchoraji hodari wa gazeti hilo, Philip Ndunguru, alifariki mwaka 1986 akiwa kijana bado. Nakala moja ilizunguka nyumba kwa nyumba hadi ikapoteza jalada. Tofauti ya mashujaa wetu ilikuwa hii: Superman hadaiwi kodi ya chumba. Lodilofa, mhusika mwingine wa Sani, ungemkuta hata pale stesheni akiomba sigara.