Nyumba Kongwe ya Kandanda: Historia Fupi ya Klabu ya Hallam na Kiwanja Chake cha Sandygate

Mtu ashikaye njia Jumamosi adhuhuri kutoka katikati ya mji wa Sheffield, mji wa wafua chuma na watengeneza visu huko kaskazini mwa Uingereza, akapanda mlima kuelekea magharibi mpaka upepo wa vilimani uanze kumpiga usoni, hatimaye hufika Sandygate, ambako umelala uwanja wa majani usio mkubwa wala wa fahari, wenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 1,000, na viti vya kuwatosha wachache tu miongoni mwao. Atalipa kiingilio kidogo mlangoni, atasimama kando ya uzio, karibu sana na wachezaji hata asikie kila neno waambianalo, na saa tisa alasiri refa atapuliza filimbi kuanzisha mechi ya ligi ambayo magazeti ya mji mkuu hayataiandika. Macho yake peke yake hayatamwambia kuwa amesimama mahali palipochezwa kandanda kwa miaka mingi kuliko mahali pengine popote. Lakini ndivyo ilivyo, maana kitabu cha rekodi cha Guinness kimeshuhudia kwamba Sandygate ndicho kiwanja kikongwe kuliko vyote vya mchezo huu duniani, na klabu ya Hallam ilianza kukichezea mwaka 1860. Nimeazimia kuieleza hapa taarikhi ya klabu hiyo kwa ufupi, kwa kuwa mna ndani yake funzo juu ya kudumu, ambalo kwetu sisi tupendao mpira linatuhusu sana.

Jina la Hallam ni kongwe kuliko mchezo wenyewe. Katika daftari kuu la ardhi lililoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme William, baada ya Wanormandi kuishika Uingereza, milki ya Hallam imetajwa, na nchi ya vilima iliyouzunguka mji wa Sheffield ikaja kuitwa Hallamshire. Katikati ya karne ya 19, moshi wa viwanda vya chuma ulipokuwa ukiufunika mji ulio bondeni, huko juu kulikuwa bado ni shamba, ni malisho na vijiji. Ndiyo sababu wachezaji wa Hallam wakapewa lakabu ambayo kwa lugha yetu ni Watu wa Shamba, na lakabu hiyo wameihifadhi hata leo, ijapokuwa mji umekwisha kuupanda mlima na kukizingira kijiji chao. Nao huitaja kwa fahari, kama mtu atajavyo ukoo wake.

Kiwanja kilitangulia kandanda. Kilifunguliwa mwaka 1804 na klabu ya kriketi ya Hallam, na kwa zaidi ya nusu karne kriketi, mchezo wa kiangazi, ndiyo iliyokuwa mwenyewe wa mahali hapo. Siku zile kandanda ilichezwa katika shule za matajiri na katika sikukuu za vijijini, kila mahali kwa desturi yake, pasipo kanuni moja ya kuwaunganisha watu. Na wacheza kriketi wa Sheffield, walipoona kuwa majira ya baridi huwakuta hawana la kuufanyisha mwili kazi, wakaanza kupiga mpira kwa kujifurahisha. Kutokana na hao, tarehe 24 Oktoba 1857, mabwana wawili, Nathaniel Creswick na William Prest, waliasisi klabu ya Sheffield, ambayo ndiyo klabu kongwe ya kandanda iliyo hai mpaka leo, na mwaka uliofuata klabu hiyo ikajiwekea kanuni zake kwa maandishi.

Lakini klabu hiyo ya kwanza ilikuwa na upungufu ambao hapana mali wala ustadi uwezao kuuondoa: haikuwa na mpinzani. Wanachama wake walilazimika kugawanyana wao kwa wao, waliooa wakashindana na makapera, na siku nyingine wakatafuta namna nyingine ya kupata pande mbili. Hapo ndipo ilipo hadhi ya Hallam katika historia ya mchezo huu, na ni hadhi ambayo mara nyingi husahauliwa na watu washughulikao na nani alikuwa wa kwanza. Tarehe 4 Septemba 1860, kwa juhudi za John Charles Shaw na Thomas Vickers, klabu ya pili ilizaliwa juu ya mlima, ikashika kanuni zile zile za Sheffield, na kandanda ikapata kile inachokihitaji kuliko mpira wenyewe, yaani mtu wa upande wa pili, akubaliye sharti moja nawe huku akitaka kukushinda.

Tarehe 26 Desemba mwaka ule ule, siku ya pili ya Krismasi, katikati ya majira ya baridi, klabu hizo mbili zilikutana Sandygate, na hiyo ndiyo mechi ya kwanza ya kandanda baina ya klabu na klabu. Wageni kutoka mjini walishinda kwa magoli mawili kwa sifuri. Wenyeji, basi, waliianza taarikhi yao kwa kushindwa nyumbani kwao, mbele ya jirani zao. Na mimi naona kuwa hapana mwanzo uliokuwa bora kuliko huo, kwa maana klabu iliyoweza kuyameza machungu ya siku ile, ikarudi tena kuomba mechi nyingine, ilikuwa imekwisha kuonyesha kuwa itaishi.

Nao walirudi, wala si kwa upole nyakati zote. Tarehe 29 Desemba 1862 Sheffield na Hallam walikutana Bramall Lane, uwanja ambao tangu 1855 ulikuwa wa kriketi, na mechi yao ndiyo mechi ya kwanza ya kandanda kuchezwa hapo. Makusudio yalikuwa ya ihsani: vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani vilikuwa vimeizuia pamba isifike Uingereza, viwanda vya nguo vya Lancashire vikanyamaza, maelfu ya wafanyakazi wakapatwa na njaa, na fedha za mechi zilikuwa za kuwasaidia hao. Hata hivyo wema wa nia haukuzuia ukali wa damu. Mchezo uliendelea kwa saa tatu bila ya goli, na katika msukumano Creswick wa Sheffield na Waterfall wa Hallam waligombana, watazamaji wakaingia katikati, na kwa siku kadhaa baadaye magazeti yakapokea barua kutoka pande zote mbili, kila moja ikidai kuwa mchokozi alikuwa mwenziwe. Hallam, wakitaka suluhu, walimtoa mtu wao katika mchezo wa mbele wakamweka langoni. Adhabu hiyo ni ndogo, lakini mtu aitazame vizuri: hapakuwapo refa wa kulazimisha, wala kadi, wala kamati ya nidhamu, palikuwapo staha ya watu waliojua kuwa wakigombana hata wasirudiane, mchezo wenyewe utakufa.

Fahari kubwa ya Hallam ilikuja mwaka 1867. Thomas Youdan, mwenye nyumba ya tamthilia mjini Sheffield, alitoa kombe la fedha lishindaniwe na klabu za mji na viunga vyake, nazo klabu 12 zikajitokeza. Na kwa kuwa Kombe la Chama cha Kandanda cha Uingereza lilianza katika msimu wa 1871 na 1872, mashindano ya Youdan ndiyo ya kwanza ya kombe katika taarikhi ya kandanda. Kanuni za Sheffield wakati huo zilikuwa na namna mbili za kuhesabu ushindi: palikuwapo goli, na palikuwapo alama iliyoitwa rouge, iliyopatikana pale mpira ulipopita baina ya nguzo ya goli na kibendera kilichosimikwa kando yake, kisha mshambuliaji akauwahi kuugusa chini; na magoli yakilingana au yakikosekana, alama hizo ndizo zilizoamua. Katika mechi ya mwisho, iliyochezwa Bramall Lane mwezi Machi mbele ya watu wapatao 3,000, Hallam waliishinda klabu ya Norfolk kwa rouge mbili kwa sifuri. Watu wa Shamba wakawa mabingwa wa kwanza wa kombe duniani. Kombe lenyewe lilipotea baadaye, likakaa miaka mingi lisijulikane liliko, mpaka mwaka 1997 lilipoonekana mikononi mwa mfanyabiashara wa vitu vya kale, na klabu ikalinunua likarudi kwa wenyewe.

Baada ya hapo dunia iliwapita. Mwaka 1877 kanuni za Sheffield na kanuni za London, yaani za Chama cha Kandanda, ziliunganishwa kuwa moja, na miongoni mwa hidaya za Sheffield zilizobaki ndani ya kanuni hiyo ya pamoja ni pigo la kona, ambalo kila mtoto wa mtaani, Tanga au Kisumu, hulipiga leo bila ya kujua kuwa anafanya jambo lililobuniwa na watu wa vilima vile. Mchezo ukaingiwa na mshahara, klabu kubwa zikazaliwa, na katika Bramall Lane yenyewe ikaasisiwa Sheffield United mwaka 1889, ikavuta umati ambao kijiji hakiwezi kuuvuta. Hallam walibaki katika daraja za chini, katika mashindano ya mkoa wao. Wamelitwaa Kombe Kuu la Sheffield mara nne, zote katika miaka ya 1950 na 1960. Walicheza katika ligi ya Yorkshire. Na ligi hiyo ilipounganishwa na nyingine mwaka 1982 ikazaliwa ligi iitwayo Northern Counties East, wakaingia humo, na mwaka 2022 wakawa mabingwa wa daraja lake la kwanza. Kwa mtu ahesabuye makombe, hayo si mengi kwa umri wa zaidi ya miaka 160.

Lakini iko hesabu nyingine. Klabu ya Sheffield, iliyo kaka wa Hallam kwa miaka mitatu, imeheshimiwa kama istahilivyo, hata FIFA ikaipa nishani ya heshima mwaka 2004 pamoja na Real Madrid. Lakini haikuwa na maskani ya kudumu, ikahama kiwanja baada ya kiwanja, na tangu 2001 inachezea Dronfield, ambako ni nje ya mji ulioipa jina. Hallam, ambaye ni mdogo, angali Sandygate. Kiwanja chake ni kile kile cha mechi ya 1860, kimeinama vile vile, hata mchezaji asiyekizoea hushangaa kuona mpira ukimkimbia bila ya kusukumwa, na kriketi ingali jirani yake kama ilivyokuwa jirani ya mababu. Kwa hiyo mtu akiuliza kandanda ilizaliwa na nani, ataonyeshwa Sheffield. Akiuliza nyumba yake iko wapi, ataonyeshwa Sandygate. Mwenda tezi na omo, walisema wazee wetu wa baharini, marejeo ni ngamani. Na mchezo huu, uliokwisha kuzunguka dunia nzima, ngama yake ni hapo.

Ni nini basi kilichokihifadhi kiwanja hicho? Mgeni akitaka jawabu na atazame siku ya mechi. Nyuma ya timu kama hii hakuna tajiri wa kimataifa. Wapo watu wa mtaani wanaopiga chokaa mistari asubuhi, wanaokata tiketi, wanaochemsha chai, wanaofua jezi za samawati na nyeupe, na wengi wao hawapokei ujira. Watu wa namna hiyo wamerithishana kazi kama urathi wa nyumba, mkubwa akimfundisha mdogo, nao wanakitazama kiwanja jinsi Waislamu wa pwani wautazamavyo wakfu: mali isiyouzwa, ambayo aliyepo leo ameikuta na sharti aiache kwa ajaye. Ligi hupanda na kushuka, wachezaji huja na kwenda, lakini amana hii ikishikwa na mikono mingi, haianguki.

Mpira ulifika pwani yetu pamoja na Waingereza kabla karne ya 19 haijesha, nasi tukaupenda hata ukawa wetu. Yanga ya Dar es Salaam iliasisiwa mwaka 1935, miaka 75 baada ya Hallam, na klabu za mitaa na vijiji vyetu, kutoka Lamu hadi Mtwara, nyingi ni changa zaidi. Kwa hiyo muda wa kuzitengenezea taarikhi zao haujapita, na wazee walioziona zikizaliwa baadhi yao wangali hai. Lakini viwanja vyao tunaviona vikipungua. Kile cha jana leo kimewekwa msingi wa duka, kingine kimegawanywa vipande, na watoto wamesukumwa barabarani, pasipo mtu wa kutoa ushahidi, kwa kuwa hapakuwa na hati wala daftari.

Ewe msomaji uliye mwanachama wa klabu ya kijiji au mtaa, nakusihi ufanye mambo matatu kabla msimu huu haujesha. Nenda kwa mzee aliyekuwamo siku ya kuasisiwa, uandike tarehe, majina na matokeo ya mechi ya kwanza, hata kama mlifungwa. Nenda na wenzako ofisi ya ardhi, mkiombee kiwanja chenu hati kwa jina la jamii. Kisha Jumamosi ijayo lipa kiingilio, simama kando ya mstari, uitazame timu yenu ikicheza. Kwani Hallam nao, siku ile ya Desemba 1860, walikuwa watu wa shamba tu waliokuwa na kiwanja, mpira, na jirani wa kucheza naye.