Njia Panda na Lori Lililosimama

Msomaji, nataka utembee nami kwa mawazo hadi mahali unapopajua vema. Kama kwenu ni Chakol, au po pote katika nchi ya Wateso iliyo kati ya Busia na Malaba, hapana shaka umepata kufuata kijia kitokacho majumbani mwa watu mpaka kikutanapo na barabara ya magari. Tuseme kwamba hapo penye pembe pamesimama lori lenye tela, refu kama mita 17, na kimo chake kimepita cha mtu mara mbili. Dereva hayumo, labda amekwenda kunywa chai, labda karatasi zake za forodha hazijatimia. Wewe wataka kuvuka. Wachungulia, lakini huioni barabara. Waona ubavu wa lori tu. Basi wasogea hatua mbili mbele, na hatua hizo mbili ndizo zikutiazo katika mapito ya magari.

Watu husema kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ina ukweli wake, lakini katika jambo hili tusiipokee upesi. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio upeo wa mwendo ulioruhusiwa mijini katika Kenya, hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Dereva akuonapo, huchukua kama sekunde nzima kabla mguu wake haujakanyaga breki. Kwa hiyo, ukijitokeza mbele yake kwa umbali wa mita 10, atakuwa amekwisha kukufikia hata kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Dereva hakukosa breki, wala wewe hukukosa miguu. Mlichokosa ninyi wawili ni nafasi ya kuonana.

Hatari hii haikugunduliwa jana. Sheria ya trafiki ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1953, yakataza gari kuachwa barabarani mahali litakapozuia wengine au kuwatia hatarini. Mkataba wa mataifa uliofanywa Vienna mwaka 1968 ulikataza kuegesha gari karibu na njia panda na karibu na makutano ya barabara na reli. Waingereza huweka na kipimo: gari lisiegeshwe chini ya mita 10 kutoka njia panda. Basi, ikiwa sheria zilikuwako, kwa nini malori yalisimama pembeni mwa njia za miji ya mpakani kwa miaka mingi? Ili tujibu swali hili, yatupasa kwanza tuuulize mpaka wenyewe, maana ndio uliowasimamisha madereva.

Mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka ulipokwisha kuwekwa, Wateso na Wasamia walijikuta wamegawanyika, wengine huku na wengine kule. Hata hivyo, kwa bidhaa, mpaka huo haukuwa mzito. Tangu mwaka 1917 forodha za Kenya na Uganda ziliunganishwa. Reli iliyopitia Malaba na Tororo ilifika Kampala mwaka 1931, na mizigo mingi ya Uganda ikapita juu yake. Mwaka 1967 nchi tatu za Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977. Shirika la reli likagawanywa, na kadiri reli ilivyodhoofika ndivyo mizigo ilivyohamia barabarani. Kila lori lilikaguliwa upande mmoja, kisha likakaguliwa tena upande wa pili. Lori lingeweza kungoja siku kadhaa, na kitu kinachongoja siku kadhaa lazima kikae mahali. Kilikaa kando ya barabara, mbele ya maduka na midomoni mwa vijia vya watu.

Si malori peke yake yaliyozaliwa na kungoja huko. Tangu miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walikuwa wakiwavusha wasafiri katika pengo lililokuwa kati ya vituo viwili vya mpaka. Waliwaita abiria kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilirudia mara mbili, na hivyo likapatikana neno bodaboda, ambalo leo lajulikana mbali sana na Busia. Lakini nao, kama wenye malori, hupenda kusimama penye njia panda, kwa sababu ndipo abiria wanapotokea.

Sasa tazama dawa iliyopatikana. Askari aweza kumfukuza dereva mmoja kutoka pembeni, lakini hawezi kuondoa mstari wa malori usio na pa kwenda. Jumuiya mpya ilipoanza kazi mwaka 2000, nchi zake zilitafuta njia ya kupunguza kungoja. Katika miaka iliyofuata vikajengwa vituo vya pamoja Malaba na Busia, ambamo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja na msafiri hukaguliwa mara moja tu, katika nchi anayoiingia. Kile cha Busia kilifunguliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi wa Februari, 2018. Kungoja kulipopungua, na kando ya barabara palipata nafuu.

Lakini nafuu hiyo haikuwa ya milele. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia na kila dereva akatakiwa kupimwa, foleni ya malori kuelekea Malaba ilifika makumi ya kilomita. Madereva hawakuwa wamekuwa wabaya ghafula, wala sheria haikuwa imefutwa. Kungoja kulikuwa kumerudi, na pamoja nako ukarudi ule ukuta wa mabati kando ya barabara.

Kwa hiyo, msomaji, uonapo lori limeziba pembe, usitosheke kumlaumu dereva. Uliza pia ni nini kilichomsimamisha. Wala usiseme kwamba, kwa kuwa sababu ni kubwa, dereva hana wajibu. Mita 10 za kuacha wazi ni kidogo mno hata kwa mwenye kungoja siku tatu, nazo zatosha kumwokoa mtoto. Na mpaka hapo watakapojifunza wote, wewe simama penye ncha ya lori, uchungulie kwa shingo kabla ya kutoa mguu, wala usivuke kwa kupungiwa mkono na mtu asiyeiona barabara kwa niaba yako. Miongoni mwenu watatoka madereva, wahandisi na maofisa wa forodha. Siku mtakapopewa kazi hizo, kikumbukeni kijia mlichokuwa mkipita mkienda shuleni.