Jicho Kabla ya Sindano

Ng'ombe hasemi anaumwa wapi. Wafugaji wa Cyangugu ya zamani, Rusizi ya leo, hawakungoja aseme. Alfajiri waliitazama pua kama ina unyevu, masikio kama yamesimama, na mdomo kama unacheua. Mnyama aliyeacha kucheua, akajitenga na kukunja mgongo, alikuwa ameshajieleza.

Sotoka ilipofagia mifugo ya Afrika Mashariki miaka ya 1890, jicho hilo peke yake halikutosha. Ilihitajika chanjo, na baadaye daktari wa mifugo Walter Plowright aliitengeneza Muguga, Kenya. Hata hivyo, wachungaji wa Karamoja na kwingineko ndio walioitambua dalili na kuonyesha ugonjwa ulikojificha, mpaka mwaka 2011 dunia ikatangaza sotoka imetokomezwa.

Porini nako, kutazama kulitangulia kutibu. Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe wa Gombe mwaka 1960. Dian Fossey akafungua kambi ya Karisoke, Virunga, mwaka 1967, kuwafuatilia gorila. Madaktari wa gorila walipoanza kazi mwaka 1986, kila gorila wa makundi yaliyofuatiliwa alikuwa na jina na tabia zake zinajulikana. Aliyebaki nyuma ya wenzake aligundulika siku hiyohiyo. Gorila wa Virunga walikuwa 254 mwaka 1981. Sensa ya 2015 na 2016 ilikuta 604.

Mwaka 1987, huko Mahale, Mohamedi Seifu Kalunde na mtafiti Michael Huffman walimwona sokwe mgonjwa akitafuna kiini kichungu cha mti ambao Wanyarwanda wanauita umubirizi. Kalunde, aliyekulia kwenye uganga wa miti shamba, aliijua dawa hiyo tangu nyumbani kwao.

Leo sokwe wa Cyamudongo, msitu mdogo wa Rusizi, wanafuatiliwa na waongoza watalii kila siku. Vijijini, mpango wa Girinka wa mwaka 2006 umewapa maskini wengi ng'ombe, na wengi wa ng'ombe hao hufugwa bandani. Ng'ombe wa peke yake hana mwenzake wa kumpanda; joto lake la kutaka dume hujulikana kwa kulia, kutotulia na kupunguza maziwa. Mwenye kuona asubuhi humwita mhimilishaji jioni ileile. Asiyeona hungoja siku 21 nyingine, na maziwa ya watoto yanangoja pamoja naye.

Kwa hiyo daktari wa mifugo anayefika bandani, kabla hajafungua mkoba, na amuulize mama anayekata majani: jana alikuwaje?