Ndege za Septemba: Funzo la 1959 na 1960 kwa Waombaji wa Ufadhili

Kila mwaka wanafunzi wetu hubisha hodi katika ofisi za idara wakiomba barua za mapendekezo ili wapeleke maombi ya ufadhili katika vyuo vya Marekani. Wengi huja zikiwa zimebaki siku chache tu, nasi walimu huwalaumu kwa uzembe. Katika makala haya tungependa kurudi nyuma kidogo katika historia ya Afrika Mashariki, tuone kwamba tarehe ya mwisho haijawahi kuwa mzigo wa mwanafunzi peke yake.

Itakumbukwa kwamba mwaka 1959 Chuo cha Makerere hapa Uganda ndicho pekee kilichokuwa kikitoa shahada kwa vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika, nazo zilikuwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Nafasi zilikuwa chache mno. Kwa hiyo vijana wengi waliomaliza sekondari waliandika barua kwa vyuo vya Marekani. Baadhi yao walipata majibu mazuri: walikubaliwa, na hata kusamehewa karo. Hata hivyo, karo ilikuwa gharama moja tu kati ya nyingi. Nauli ya ndege ilizidi uwezo wa familia nyingi, na mwombaji wa viza alitakiwa kuonyesha kwamba ana fedha za kujikimu. Aidha, masomo yalifunguliwa Septemba. Aliyepata nauli mwezi Novemba alikuwa amechelewa, hata kama barua ya kukubaliwa alikuwa nayo mkononi.

Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, alilielewa tatizo hilo. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia na kuviomba vyuo nafasi za masomo. Akishirikiana na Dkt. Julius Kiano na Kariuki Njiiri upande wa Kenya, na mfanyabiashara William Scheinman upande wa Marekani, alibuni njia nyepesi: badala ya kila mwanafunzi kutafuta nauli yake, ikodiwe ndege moja ya kuwabeba wote. Shirika liliundwa huko Marekani kwa ajili ya kazi hiyo. Watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier waliweka majina yao kwenye barua ya kuomba michango. Huku nyumbani, wazazi na majirani walifanya karamu za chai na ngoma za kuchangisha fedha, na wapo waliouza mifugo. Septemba 1959 wanafunzi 81 wakasafiri.

Mwaka uliofuata mambo nusura yaharibike. Nafasi za masomo zilizopatikana zilizidi 200, na safari hii walikuwamo wanafunzi kutoka nchi nyingine, Uganda na Tanganyika zikiwemo. Nauli haikuwepo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliombwa msaada ikakataa. Mwishoni mwa Julai 1960, wiki chache tu kabla ya vyuo kufunguliwa, Mboya alikwenda Hyannis Port kumwona Seneta John F. Kennedy, aliyekuwa akigombea urais. Wakfu wa familia ya Kennedy ukakubali kutoa dola 100,000. Wizara ile ile iliyokataa ikageuka na kutoa ahadi ya kiasi hicho hicho, lakini wenye shirika walikuwa wameshaupokea mchango wa kwanza. Ndege ziliondoka Septemba. Miongoni mwa abiria alikuwamo Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma katika chuo cha Mount St. Scholastica, Kansas, na ambaye mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Hadi kufikia 1963, wanafunzi wapatao 800 walikuwa wamesafirishwa kwa mpango huo.

Tujiulize: wanafunzi hao waliwahije? Bidii yao ilikuwepo, lakini nyuma yao kulikuwa na watu wazima waliohesabu siku pamoja nao. Hapo ndipo sisi walimu wa leo tunapopungukiwa.

Tukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wetu mmoja hodari alituletea fomu ya chuo kimoja cha Marekani. Tarehe ya mwisho ya kuomba msaada wa fedha iliandikwa 11/01. Aliisoma kuwa tarehe 11 Januari. Nasi walimu wake tuliitazama tukaisoma hivyo hivyo, tukamwahidi barua ifikapo Desemba. Wamarekani hutanguliza mwezi, kisha siku. Dirisha lilikuwa limefungwa tarehe 1 Novemba. Chuo kilimwambia aombe tena mwaka unaofuata, lakini mwaka huo baba yake aliugua, naye akatafuta kazi. Hatukumsikia tena akitaja Marekani. Sisi tunaofundisha lugha tulishindwa kusoma tarehe.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu. Kwanza, tarehe huandikwa upya kwa maneno, mwezi ukitajwa kwa jina. Pili, tunatenganisha tarehe ya kuomba nafasi na tarehe ya kuomba fedha, kwa sababu mara nyingi hazifanani. Tatu, tunawakumbusha wanafunzi kwamba ruzuku ya serikali kuu ya Marekani haitolewi kwa mgeni mwenye viza ya mwanafunzi. Fedha hutoka kwenye chuo chenyewe au kwa wafadhili wengine, na vyuo vingi hudai maelezo ya kipato cha wazazi. Mzazi mkulima hana hati ya mshahara, hivyo barua ya kueleza mapato yake iandaliwe mapema. Nne, saa nazo hutatiza: katika majira ya baridi, saa sita usiku ya New York ni saa mbili asubuhi hapa Kampala.

Kuhusu msamiati, wenzetu wa Kenya hupenda kusema makataa, na wengine husema tarehe ya mwisho. Tusisahau neno muhula. Asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya muda anaopewa mtu, na leo tunalitumia pia kwa kipindi cha masomo. Maana zote mbili ziliwakabili vijana wa 1960: muda waliopewa ulikuwa unakwisha, na kipindi cha masomo kilikuwa kinaanza.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanafunzi akibisha hodi mwezi huu, tumwulize kwanza: tarehe gani, na mwezi upi? Kisha tuiandike barua yake siku hiyo hiyo.