Njia ya Msituni na Mabega ya Watu

Katika mwaka huu wa Jubilei yatupasa kuzikumbuka njia zetu, kwa kuwa Injili iliingia nchi hii kwa miguu ya watu.

Mwezi wa Novemba 1861 wasafiri wawili wa Uingereza, Speke na Grant, walifika Karagwe, wakapokewa vema na Mukama Rumanyika huko Bweranyange. Grant akashikwa na ugonjwa wa mguu, hata Speke alipokwenda Buganda mwezi wa Januari 1862, mwenzake akabaki nyuma. Mwezi wa Aprili Grant naye akaondoka, akichukuliwa kwa machela. Jina lake limo vitabuni. Lakini ni nani kwetu awezaye kumtaja hata mmoja wa wale waliomchukua mabegani?

Leo barabara ya lami imetoka Kyaka ikafika Bugene, na Kyerwa imekuwa wilaya mbali tangu mwaka 2012. Walakini ukiiacha barabara kuu, ukaingia msitu wa Rumanyika, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019 kwa jina la Mukama yule, utayaona mambo ya kale. Wakati wa masika udongo huwa utelezi, nyasi huficha mashimo, na mti ulioanguka huifunga njia. Dereva mwenye busara hushuka kwanza, akapima tope kwa fimbo; kisha huyatia nguvu magurudumu yote manne, akashika gia ndogo, akaenda polepole pasipo kusimama. Na gari likizama, kuzidisha moto ni kuzidisha shimo. Hapo huitwa watu: huyu aja na jembe, huyu na mawe, na wengine hutia mabega.

Nasi twakiri kosa letu. Mara nyingi gari likiisha kutoka, tumekwenda zetu kwa haraka, pasipo kuuliza jina la mtu. Tena wako wagonjwa ambao hata leo hutolewa migombani kwa machela, mpaka mahali gari liwezapo kufika.

Basi, pamoja na majina ya maaskofu na wamisionari, kila mtaa na uandike majina ya wachukuzi wake, wachimba njia wake, na wasukuma magari wake. Tuwaulize wazee wangali hai, kabla hawajalala na majina hayo.