Taar: Simu ya Upepo ya Dadaab

Neno simu tulilipata kwa Waajemi, na kwao sim ni waya. Wasomali nao wana taar, neno lililovuka bahari likiwa na maana ileile, wakakipa chombo ambacho hakina waya wa kufika popote: redio ya masafa mafupi yenye betri ya gari na antena iliyotundikwa juu. Historia ya mawasiliano ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya husimuliwa kana kwamba palikuwa kimya mpaka minara ya simu za mkononi ilipofika. Hapakuwa kimya. Palikuwa na taar, na kazi yake ilikuwa na jambo ambalo kazi nyingi za kompyuta leo zimelipoteza: aliyeifanya aliuona mwisho wake.

Rais Siad Barre wa Somalia alipoangushwa Januari 1991, wakimbizi walivuka mpaka kwa maelfu. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka huohuo karibu na Dadaab, kiasi cha kilomita 100 kutoka mji wa Garissa. Dagahaley na Hagadera zikafuata 1992. Zote tatu zilipangiwa watu 90,000, na kufikia 2011 zilikuwa na zaidi ya 400,000. Eneo lenyewe lilikuwa limetawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991, kwa hiyo barabara, umeme na simu vilikuwa haba hata kwa wenyeji. Hapo ndipo taar ilipopata kazi. Mtu wa Kismayu akimtaka nduguye Hagadera, mwendeshaji wa redio alitaja jina lake, la baba yake na la babu yake, pamoja na ukoo. Upande wa pili mtu alitumwa kupita bloku kwa bloku akiuliza. Akipatikana, saa ya kuzungumza ilipangwa, na saa ikifika ndugu wawili walikaa mbele ya redio zao, anayesema amebonyeza kitufe, anayesikiliza akingoja aachiwe zamu. Mara nyingi habari ilikuwa fedha: hawala imeingia, njoo uichukue.

Hawala nayo ilifuata njia hiyohiyo ya majina. Fedha zilikabidhiwa kwa wakala Nairobi au Minneapolis, na wakala wa kambini akamlipa mpokeaji baada ya kumhoji nasaba yake, au baada ya mtu anayeaminika kumthibitisha. Tusiichukulie njia hii kuwa mabaki ya kale. Benki ilidai kitambulisho, na kitambulisho kwa Msomali wa Kenya kilikuwa mtihani: mwaka 1989 serikali iliwakagua upya Wakenya wa asili ya Kisomali, raia katika nchi yao wenyewe, na kuwapa waliopita vyeti vya rangi ya waridi. Mkimbizi alikuwa mbali zaidi na dirisha la benki. Kati ya mtambo unaokuuliza karatasi na ule unaokuuliza babu yako ni nani, watu hawa walichagua wa pili, na walikuwa na sababu nzito ya kuchagua hivyo.

Kuna wa kupinga, na hoja yao ina nguvu. Taar haikuwa na siri. Mwendeshaji alisikia kila neno, na yeyote aliyekuwa kwenye masafa hayo alisikia pia. Habari za talaka, deni na msiba zilipita hewani mbele ya wageni, na wenye akili walizungumza kwa mafumbo. Serikali ya Kenya nayo haikuzipenda redio hizo kwa hofu ya usalama. Na watu wenyewe waliziacha mara simu za mkononi zilipofika. Yote hayo nayakubali: simu iliwapa faragha, na faragha ni haki ya mtu. Lakini waliyoiacha ni redio. Hawala, ndugu yake, haikuachwa. Marekani iliifunga kampuni ya al-Barakaat Novemba 2001, na wateja wakahamia kampuni nyingine za hawala. Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma fedha, kisha ikazirudisha Juni. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikuwa na miaka minane wakati huo, na bado pengo la hawala lilizibana familia nyingi. Bei nafuu ilichangia, bila shaka. Lakini bei peke yake haielezi kwa nini mtu aikabidhi akiba ya mwezi kwa duka lisilompa zaidi ya jina la wakala aliye ng'ambo ya pili.

Sasa litazame jambo lililotokea Dadaab mwaka 2009. Samasource, shirika la California lililoanzishwa mwaka uliotangulia na Leila Janah, liliwapa wakimbizi vijikazi vya kompyuta kupitia intaneti. Pamoja na kampuni ya CrowdFlower lilitoa programu ya iPhone iliyoitwa GiveWork, ambayo kwayo mtu wa Marekani alifanya vijikazi vilevile kwa kujitolea, na majibu yake yakatumika kupima ya mkimbizi. Nia ilikuwa njema na ujira ulihitajika. Kijana mwenye elimu ambaye hakuruhusiwa kuajiriwa nje ya kambi hangeweza kuidharau kazi yoyote. Ila kazi yenyewe ilikatwa vipande hata aliyeifanya asijue kipande chake kimeingia wapi. Vijana wa Ifo waliunganishwa na California kwa kasi ambayo taar haikuiota, na hawakujua jina la mtu hata mmoja upande wa pili. Mwendeshaji wa taar, na betri yake ya gari, alilitaja jina, akangoja, na baada ya saa moja au siku mbili akamwona mwenye jina akiingia mlangoni, vumbi miguuni, akiuliza ni nani anayemwita.