Kompyuta Isiyo na Kufuli

Msomaji kijana, bila shaka umepata kumwona fundi wa jua kali akiifungua pikipiki iliyogoma. Katika mji wetu wa Nakuru mafundi hawa ni wengi. Hufungua injini, hutoa kipuri kilichokufa na kutia kingine, wala hakuna apitaye akawauliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kutazama ndani. Mwenye chombo amekinunua, naye ana haki ya kukitengeneza. Lakini kompyuta ina tabia nyingine. Kasha lake waweza kulifungua kwa bisibisi. Programu iiongozayo, aghalabu, imefungwa kwa kufuli, na ufunguo umebaki kwa kampuni iliyoiuza. Nataka nikueleze habari za watu walioikataa kufuli hiyo, na jinsi kazi yao ilivyofika katika Bonde la Ufa.

Chanzo chake ni mashine ya kupigia chapa. Yapata mwaka 1980, katika maabara ya chuo kikuu kimoja huko Massachusetts, Marekani, mashine mpya ilikuwa ikikwama karatasi mara kwa mara. Kijana Richard Stallman alitaka kuongeza maagizo machache katika programu yake, ili ikikwama iwape habari watu waliokuwa wakingojea kazi zao. Alikuwa amekwisha kufanya hivyo kwa mashine iliyotangulia. Safari hii alipoomba maandishi ya programu, yaani maagizo kama yalivyoandikwa na binadamu kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, alinyimwa. Aliyekuwa nayo alikuwa ameweka ahadi ya kutoyatoa. Stallman hakusahau. Mnamo Septemba 1983 alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima, jina lake GNU, ambao kila mtu angekuwa na ruhusa ya kuutumia, kuuchungua, kuurekebisha na kuwagawia wengine.

Kiini cha mfumo huo kilikawia, kikaja kupatikana mahali pasipotarajiwa. Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa miaka 21 wa Helsinki, Linus Torvalds, aliwaarifu wenzake kuwa anatengeneza mfumo kwa kujifurahisha tu. Mwaka uliofuata akauweka chini ya leseni ya GNU, watu wa nchi nyingi wakaanza kuuongezea. Ndio huo uitwao Linux.

Mimi habari hizi sikuzijua kwa kusoma. Nilizijua kwa shida. Tarehe 8 Aprili 2014 kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows XP, na chuo chetu cha ualimu kilikuwa na chumba kizima cha kompyuta za msaada zilizoitegemea. Mfumo mpya ulitaka fedha tusizokuwa nazo, na kumbukumbu kubwa kuliko megabaiti 512 za mashine zetu. Mwalimu mwenzangu akaleta diski ya Lubuntu, ambayo ni namna nyepesi ya Ubuntu. Jina hilo lenyewe lilitufariji: Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na neno lake ni ndugu wa neno letu utu. Tulijaribu kwanza mashine mbovu kuliko zote, iliyokuwa imewekwa dirishani kwa kukatiwa tamaa. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa inafanya kazi.

Sitakudanganya kwamba tulistarehe. Mashine ya kupigia chapa ilitukataa majuma mawili. Mwanachuo mmoja aliandika andalio la somo kwa programu ya LibreOffice, akalipeleka mjini kulichapisha, na huko kwenye mfumo mwingine majedwali yakapinduka. Alirudi karibu na kulia. Tukajifunza kuhifadhi kazi kwa namna ya PDF kabla ya kuitoa chumbani. Lakini virusi vilivyokuwa vikisafiri katika flashi za wanachuo vilikoma kutusumbua, na mashine za kutupwa zilidumu miaka.

Wengi walifurahia kwamba mfumo huu ni wa bure. Hapo ndipo Kiswahili kinapotusaidia kufikiri. Waingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyefungwa, nao wamechoka kueleza tofauti. Sisi tuna bure na tuna huria. Programu huria yaweza kuuzwa. Isichoweza ni kukukataza kuifungua.

Wala usidhani kwamba katika jambo hili sisi tulikuwa wapokeaji tu. Huenda ulikuwa hujazaliwa wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mnamo Januari 2008 damu ilimwagika Nakuru na Naivasha, na uwanja wa maonyesho hapa mjini ukajaa watu waliokimbia makwao. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Katika siku zile, Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman walijenga upesi ramani katika intaneti, ambamo mtu aliweza kutuma habari ya jambo lililotokea mahali alipo. Wakaiita Ushahidi. Kisha wakaitoa programu hiyo iwe huria, na tetemeko lilipoiangamiza Haiti mwaka 2010, ilitumiwa huko kukusanya vilio vya waliohitaji msaada.

Jirani zetu wa Tanzania walishika upande wa lugha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Uswidi, waliendesha kazi iliyoitwa Kilinux, na mwishoni mwa mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyosema na mtumiaji kwa Kiswahili. Hawakumwomba mtu ufunguo. Lakini kazi ya namna hii haiishi, maana programu hukua na maneno mapya huzaliwa kila mwaka.

Muhula uliopita niliwapa wanachuo wangu orodha ya maneno wayatafutie Kiswahili. Tulikwama kwenye kitufe cha kuacha jambo kabla halijatendeka. Mmoja wa Molo akasema, “Futa.” Mwenzake wa Gilgil akapinga: kufuta ni kuondoa kilichokwisha andikwa, na hapa hapajaandikwa kitu. Wa tatu akaleta “Acha”, akachekwa, kwa kuwa kitufe kingeonekana kinamkemea mtu. Ndipo msichana aliyekuwa kimya akasema kwamba nyanya yake akighairi safari hufungua mzigo pasipo maelezo. Tukaandika “Ghairi”, tukaendelea na neno la pili.